Mitutu ya Mzee Lomayani

Siku niliyoingia Arusha kwa mara ya kwanza nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Nilitoka Songea juu ya magunia ya mahindi, nikashukia Makambako, nikadandia lori la mbao hadi Iringa, na kutoka Iringa nikaomba lifti mpaka Dodoma. Baada ya Dodoma lami ilikuwa haijafika siku hizo. Karibu na Kondoa ekseli ilikatika, tukakaa porini tukila mihogo ya kuchoma na kugombana na dereva. Dereva naye akagombana na utingo, na utingo, kwa kuwa hakuwa na wa kugombana naye, akawa anayapiga mateke matairi. Nilipofika mjini watu wakaniambia kuna mlima mkubwa hapo juu. Niliinua uso nikaona mawingu tu. Nikapanda hadi Ngaramtoni, na kutoka Ngaramtoni nikaenda kwa miguu, begi begani, nikiuliza njia ya Olmotonyi.

Sikuelezi haya, mwanangu, ili unionee huruma. Mtembezi hula miguu yake, na mimi yangu nimeila karibu yote. Nataka ujue tu kwamba mtu aliyefika pale hakuwa kijana wa kupita. Alikuwa amechoka na njia. Alitaka mahali pa kukaa.

Wewe umeniuliza jambo dogo: bunduki yako ya mchezo uitilie mtutu gani wa ndani, na uutunze vipi. Ningeweza kukujibu kwa maneno machache ukaenda zako. Lakini nilichojua juu ya mitutu kilininyima nyumba, na jibu nikikupa bila habari yake nitakuwa nimekupa kibuyu bila maziwa. Vumilia kidogo.

Dar es Salaam, kabla ya kurudi kwetu Songea, nilikuwa nimefanya kazi kwenye uwanja wa mchezo huo. Wengine watakaosoma haya hawaujui, basi niseme: ni bunduki za kuchezea, zinazosukuma kwa hewa kidonge cha plastiki kikubwa kama punje ya njegere changa. Watu huvaa miwani ya kinga, hugawanyika makundi mawili, huviziana vichakani. Anayepigwa hupaza sauti, "Nimekufa!" kisha huenda kunywa soda. Fundi wa uwanja ule alinifundisha kuzifungua, na uwanja ulipofungwa akaniambia, "Kuna kijana wa Arusha anaitwa Eliya. Mzungu aliyekuwa akichezesha watu kule amerudi kwao, amemwachia bunduki na kibali. Fundi hana. Nenda."

Ndivyo nilivyofika kwa Eliya. Alikuwa Mwarusha wa pale pale, mkubwa kwangu kidogo, mwepesi wa kucheka, mwoga wa kusema. Uwanja ulikuwa kwenye malisho ya baba yake, chini ya msitu wa misonobari, na kibali kilibandikwa ukutani kwenye banda la mabati kando ya picha ya harusi. Jumamosi walikuja vijana kutoka Njiro, Moshono na Sakina, wakipiga kelele mpaka ng'ombe wakahamia upande wa pili wa korongo.

Mwenye ardhi alikuwa huyo baba, Mzee Lomayani. Alikuwa mrefu, blanketi begani, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Miaka yake ya nguvu aliimalizia Momela, akiwa askari wa wanyamapori. Alijua nyati kama wewe unavyojua simu yako. Jioni alikaa nje na rika lake, Mzee Saning'o, wakinywa chai ya maziwa na kutukanana kwa raha. Saning'o alikuwa akiniambia, Lomayani akisikia, "Huyu unayemwona mkubwa hivi, nyati alimkimbiza akaacha kiatu. Kiatu cha serikali!" Na Lomayani alijibu, "Nilikiacha ili nyati akuletee wewe, maana ulikuwa peku." Walicheka mpaka wakakohoa. Mtu mwingine angesema neno hilo moja tu, hata Eliya mwanawe, kungekuwa na kesi. Niliyaona hayo kila jioni, mwanangu. Niliyaona nisiyaelewe, na hapo ndipo pa kunililia.

Mzee alinipenda. Aliniita Mngoni. Siku moja tulikuwa tunakula loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, akaniuliza, "Mngoni, wewe huna kwenu?"

"Kwetu kupo, mzee. Wa kuningoja ndiye hayupo."

Akamaliza kutafuna. Kisha akasema, "Mtu hazeeki barabarani. Mvua zikiisha nitakuonyesha mahali pa kuchimbia nguzo. Pale chini ya migomba, usipopita upepo."

Sikulala vizuri siku ile kwa furaha. Nilikuwa nimepita mikoa mingi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameniambia chimba hapa. Wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimepewa majembe mengi ya watu, shamba la kwangu sijawahi kupewa.

Sasa tuje kwenye mitutu. Ndani ya bunduki ile, chini ya mtutu wa nje unaouona, kuna bomba jembamba. Hilo ndilo linaloamua kidonge kiende wapi. Yale ya Eliya yalikuwa ya alumini, yamechakaa, mengine yamepinda. Akaniambia nichague mapya, ataagiza kwa mgeni wake anayekuja kutoka nje.

"Chukua yale yenye tundu la kubana kabisa," akasema. "Nimesikia ndiyo yanayolenga."

"Yanalenga kwenye nyumba yenye zulia," nikamwambia. "Hapa kwenu kuna jivu la volkano ya mlima huu, upepo ukivuma vumbi linaingia hata kwenye soda. Na vidonge vyako ni vya bei ya chini, kimoja kinene, kimoja chembamba. Tundu likibana, kimoja kitakwama na kinachofuata kitapasukia humo ndani."

"Basi marefu."

"Marefu ya nini? Hewa ya bunduki hii ni ndogo. Ikiisha kidonge kikiwa bado njiani, bomba linageuka kuwa breki."

Akacheka. "Haya, profesa. Chagua unavyotaka, yakishindwa ni yako."

Nikachagua ya shaba ya njano, tundu la kawaida, urefu ule ule wa bunduki. Yalipofika niliyaviringisha moja moja juu ya kioo kuona kama yamenyooka. Nikayaelekeza kwenye mwanga, kuta za ndani zikang'aa kama maji ya kisima. Jumamosi ya kwanza kijana mmoja wa Moshono aliangusha kopo akiwa amejilaza mbali kule kwenye kisiki, akaruka juu akishangilia, "Yero! Mmeona? Mmeona chalii anavyopiga?" Eliya akanipiga bega. Mzee Lomayani, aliyekuwa anatazama kutoka kivulini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ijumaa iliyofuata mzee alikuja bandani na kisanduku cha bati. Ndani mlikuwa na fimbo ya chuma yenye brashi ya waya, tambara na kikopo cha mafuta, vitu alivyovitunza tangu Momela. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia nimfungulie mitutu.

"Bunduki isiyosuguliwa ni rungu," akasema.

Nilisimama na kitambaa changu mkononi. Kwa bunduki ya moshi na risasi alikuwa sahihi, maana kule kuna masizi na kutu. Lakini bomba hili halina masizi. Kidonge hakipaswi hata kugusa ukuta wake, kinaelea katikati ya hewa. Waya ukipita humo unachora mistari, na mstari mmoja unatosha kukipotosha. Na mafuta yakifika kwenye kimpira kilicho nyuma ya bomba, kile kinachokiviringisha kidonge kikikishika mgongoni, basi kimpira kinateleza, kinavimba, kinakufa. Nilijua yote haya kama ninavyojua jina langu.

Nikasema, "Mzee, wewe pumzika. Kazi hii nitaimaliza mimi."

"Wewe Mngoni, nilikuwa nasugua bunduki wakati mama yako hajaolewa. Lete hapa."

Nikaleta. Nikasikia ile brashi inaingia, inatoka. Meno yaliniuma.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nilijiambia ni heshima, kwamba kijana wa kuja hamrekebishi mzee kwenye banda lake mwenyewe. Hilo lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa chini ya migomba. Mvua zilikuwa bado hazijaisha, na mimi nilikuwa sitaki kumpa mzee sababu ya kusahau.

Tazama basi furaha yake, uelewe ugumu wenyewe. Tangu astaafu hakuna aliyemhitaji kwa bunduki. Kila Ijumaa sasa alioga mapema, akaja na kisanduku chake, akasugua huku akinihadithia doria za kule kwenye maziwa ya Momela. Alikuwa kijana tena. Na kila Jumamosi bunduki zilizidi kuharibika.

Vijana wa mjini hawana huruma. "Oya fundi, hii bunduki ina kengeza!" "Mimi nimemlenga Fredi, nimeua msonobari!" "Hii yangu inapiga kona kama inaenda soko la Kilombero!" Wakacheka, lakini wakaanza kupungua. Na Eliya akaanza kuniangalia.

"Yakishindwa ni yako, nilikwambia," akasema.

Nikamvuta nyuma ya banda nikamweleza. Nikamwonyesha mistari ndani ya shaba. Akatazama, akaona, akashusha pumzi.

"Nitamwambia nini baba? Ardhi ni yake. Na mimi ni mtoto."

"Basi mimi nifanyeje?"

"Nyamaza tu. Nitaagiza mengine, tutayaficha."

Mengine yalikuja. Hayakufichwa. Mzee aliyaona yanang'aa, akafurahi, akayasugua yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wawili, vijana wazima, tulisimama tukiuangalia ufa unavyokua, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Ikaja Jumamosi ya kundi kubwa. Walikuwa vijana wa ofisi moja ya mjini, wamevaa fulana za rangi moja, na kiongozi wao alikuwa amemwambia Eliya kwamba wakipendezwa watakuja kila mwisho wa mwezi. Mzee Lomayani alivaa koti lake la zamani la kazi. Saning'o naye alikuja kutazama. Mchezo haukufika nusu. Bunduki tatu zilikwama, nyingine zikawa zinamwaga vidonge miguuni. Kiongozi wao akaja bandani amevua miwani, amekasirika.

"Kaka, umetuita tuje kurusha mbegu za mahindi?"

Eliya akageuka, akaninyooshea kidole mbele ya watu wote. "Mimi si fundi. Fundi ni huyu. Mitutu alichagua yeye, nilimkataza."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini uongo ule ulinipanda kichwani kama chang'aa. Nikaifungua bunduki pale pale mezani. Nikalitoa bomba, nikampa yule mgeni. "Angalia mwenyewe kwenye mwanga. Unaona mistari?" Akasema anaiona. "Shaba haijikwaruzi. Inasuguliwa na brashi ya waya kila Ijumaa, inamwagiwa mafuta. Na anayefanya hivyo si mimi. Ni yule mzee pale kwenye kigoda. Hapa wote wanajua, wote wanamwogopa."

Msichana mmoja kwenye lile kundi akacheka. Hakukusudia ubaya, alicheka kama mtu anavyocheka akishtuka. Lakini alicheka. Mzee Lomayani akainuka, akajifunga blanketi vizuri juu ya lile koti, akaenda zake nyumbani polepole, na Saning'o nyuma yake. Neno likitoka halirudi. Nililiona la kwangu likimfuata mgongoni hadi alipopotea kwenye migomba.

Wageni walipoondoka mzee akaniita nyumbani kwake. Alikuwa na moja ya yale mabomba, analigeuzageuza.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mzee."

"Siku ya kwanza." Akalifuta kwa kidole gumba. "Kwa hiyo Ijumaa zote hizo nilipokuwa nakuhadithia, wewe ulikuwa unanitazama kama mtu anayemtazama mtoto akila udongo."

"Sikutaka kukuvunjia heshima."

"Heshima ipi? Ile uliyoiweka akiba, ukaja kuivunja leo mbele ya watoto wa watu?" Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Mimi Momela nilifundishwa. Nilikosea, wakanirudi, nikaacha. Ungeniambia hii si kama ile, ningekuuliza kwa nini, ungenieleza, ningeacha. Ulinidhania mjinga kiasi gani, Mngoni?"

Akaliweka lile bomba chini.

"Nilidhani unakaa na mimi," akasema. "Kumbe ulikuwa unakaa na kile kiwanja cha migombani."

Nje nikamkuta Saning'o ananingoja, ameegemea fimbo. Huyu ndiye aliyenimaliza. "Kijana, mbona hukuja kwangu?" akaniuliza. "Mimi ni rika lake. Ningemwambia, Lomayani, achana na vitoto vya plastiki, waya wako ni wa nyati. Tungecheka, yangeisha. Sisi mtu haambiwi na aliye chini yake, anaambiwa na mwenzake. Kila jioni unatuona, hukujifunza nini?"

Sasa chukua nasaha yako, mwanangu. Mtutu wa ndani uchague wa shaba ya njano au wa chuma cha pua, tundu la kawaida kama unachezea kwenye vumbi, na usidanganywe na wanaosifia tundu la kubana. Hilo ni la mtu mwenye vidonge vizuri, vyote sawa, na mahali pasafi. Urefu ufuate hewa ya bunduki yako. Ulichungulie bomba kabla ya kulipa, na usichungulie kamwe likiwa ndani ya bunduki. Kidonge kilichoanguka chini ni cha kuku wa plastiki, usikirudishe. Kusafisha, tumia ufito wa plastiki na kipande cha fulana kuukuu ya pamba. Kikavu kwanza, kisha chenye spiriti kidogo ukishakitoa kile kimpira, kisha kikavu tena mpaka kitoke cheupe. Waya, hapana. Mafuta, hapana. Akija mtu na waya, awe nani, usimpe.

Lakini jinsi ya kutompa ndiyo elimu yenyewe. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Hawakutuambia la mkuu likiwa na kosa tufanye nini, wakatuachia tuvunjike wenyewe. Mimi nakwambia: mkubwa wako akikosea, mwambie siku ile ile, mkiwa wawili, umekaa chini, sauti yako chini. Ukiona mila ya pale haikuruhusu, tafuta wa rika lake, kila mzee ana Saning'o wake. Kunyamaza kwa sababu unategemea kitu kutoka kwake usikuite adabu. Huko ni kumwibia. Na ukishanyamaza, usije ukasema mbele za watu siku umebanwa, maana hata ukiwa na haki, kama nilivyokuwa nayo mimi, itanuka kisasi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mchelea mzee kununa, nimegundua, hulia vile vile. Tena kama una rafiki kama Eliya, anayeona na kunyamaza kisha akakunyooshea kidole, usimtegemee kwa lolote. Huyo bado sijamsamehe. Pengine nawe utanirudi kwa hilo.

Niliondoka asubuhi ya Jumatatu, mvua zimeisha, mlima uko wazi hadi kileleni. Begi lilikuwa jepesi kuliko nilivyokuja nalo. Eliya alikuwa amekwenda mjini makusudi. Mzee Lomayani alikuwa zizini, ananiona nikija. Nikasimama penye ua, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Salamu haikataliwi. Akaitikia, "Marahaba," kwa sauti ile ile ya siku zote, kisha akarudi kwa ng'ombe wake. Nilingoja aongeze neno. Ndama akalia, ndoo ikagonga jiwe, na hakuongeza. Nikashuka kuelekea Ngaramtoni, na huko juu sijarudi tena.

Mungu akujalie wazee wa kukurudi, mwanangu, na akujalie uwaambie kweli wakati bado wanakupenda. Amina.